Skana ya Nyumbani na Hatima ya Picha za Kale

Picha ya karatasi ni mali ya namna ya peke yake. Sokoni haina bei, walakini ikiungua au ikioza hapana duka liwezalo kuuza nyingine iliyo sawa nayo. Kwa muda mrefu mwenye picha hakuwa na njia ya kuilinda ila kuifungia sandukuni, na sanduku lenyewe, kwa joto na unyevu wake, mara nyingi likawa ndilo adui. Mtambo uitwao skana, ule wa kioo bapa unaowekwa juu ya meza na kuuzwa kwa bei nafuu, umeibadili hali hiyo. Historia yake inastahili kujulikana, kwa kuwa inaonyesha mambo mawili: jinsi uwezo uliokuwa wa maabara na ofisi kubwa ulivyoshuka hata ukafika katika nyumba ya mtu wa kawaida, na jinsi uwezo huo unavyobaki pungufu mpaka mtu mwenyewe autimize.

Wazo la kusoma sanamu kwa mtambo ni la zamani kuliko simu ya mdomo. Katika mwaka 1843 Alexander Bain, fundi wa saa kutoka Uskoti, alipewa hati ya uvumbuzi wa njia ya kupeleka maandishi kwa waya. Kidole cha chuma kilichopembea kama uzani wa saa ya ukutani kilipita mstari baada ya mstari juu ya herufi za madini, na kila kilipozigusa umeme ulikwenda upande wa pili. Baada yake Giovanni Caselli, kasisi wa Italia, alitengeneza mtambo uliotumika tangu 1865 kupeleka maandishi na michoro baina ya Paris na Lyon. Lakini hiyo ilikuwa mistari mitupu. Picha hasa, yenye weusi, weupe na kijivujivu cha kila kiasi, ilimngoja Arthur Korn wa Ujerumani. Yeye alitumia seleni, ambayo hupitisha umeme zaidi kadiri mwangaza unavyozidi. Katika mwaka 1907 picha zilipelekwa kwa njia yake baina ya Berlin na Paris. Kanuni iliyowaongoza wote watatu ndiyo inayoongoza skana ya leo: sanamu haisomwi kwa mara moja, husomwa mstari mmoja mmoja.

Hatua kubwa ya pili ilikuwa kuigeuza sanamu kuwa hesabu. Mwaka 1957 Russell Kirsch na wenzake, katika taasisi ya taifa ya vipimo ya Marekani, waliunga mtambo wa kusomea picha na kompyuta yao. Picha ya kwanza iliyopita humo ilikuwa ya Walden, mtoto wa Kirsch, aliyekuwa na umri wa miezi mitatu. Ilikuwa na upana wa sentimita 5 kwa 5, nayo ilikatwa katika mistari 176, kila mstari nukta 176. Jumla yake nukta 30,976. Kwa kila nukta kompyuta ilijua nyeusi au nyeupe tu. Ili kupata kijivu, picha ilisomwa zaidi ya mara moja kwa vipimo mbalimbali vya mwanga, kisha matokeo yakaunganishwa.

Njia ya kutoka maabara hata nyumbani ilikuwa na vituo vichache. Katika 1969 Willard Boyle na George Smith, wa maabara ya Bell, walibuni kidude kinachopokea mwanga na kuutoa kama umeme uliopimwa, kazi iliyowaletea Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2009. Katika 1976 Raymond Kurzweil alikitumia kidude cha namna hiyo katika mashine ya kuwasomea vipofu vitabu kwa sauti, na ndani yake mlikuwa na skana ya kioo bapa. Mashine hiyo ilijaza meza nzima, na bei yake ilikuwa maelfu mengi ya dola. Miaka ya 1980 skana iliingia ofisini. Na mwishoni mwa miaka ya 1990 mtu wa Marekani aliweza kuipata kwa chini ya dola 100. Kitu kilichomilikiwa na wachache kikawa cha mwalimu, karani na mjane mwenye albamu.

Kazi ya mtambo huo si ya siri. Chini ya kioo taa hutembea polepole, na pamoja nayo safu ya vipokea mwanga hupima wekundu, kijani na buluu ya kila nukta. Katika skana za bei ya chini kabisa safu hiyo ina upana wa kioo chenyewe nayo hukaa karibu nacho sana. Kwa sababu hiyo mtambo huwa mwembamba na mwepesi, lakini huona vyema kile tu kilicholala juu ya kioo. Picha iliyojikunja hutoka na ukungu pembeni. Tena muuzaji huandika juu ya sanduku tarakimu kubwa za nukta, ambazo nyingine ni za kubuniwa na programu, hazikusomwa katika karatasi. Mtu mwenye picha ya inchi 4 kwa 6 akisoma nukta 300 kwa kila inchi hupata nukta 2,160,000, zitoshazo kuichapa tena kwa kimo kile kile. Akisoma 600 hupata 8,640,000, naye aweza kuikuza. Akizidisha sana, mara nyingi huongeza picha ya vumbi na ya chembe za karatasi.

Faida ya mtambo huu yaonekana zaidi mahali ambapo picha hazidumu, na pwani ya Afrika Mashariki ni mahali pa namna hiyo. Ufundi wa picha ulifika huko mapema. Unguja ilikuwa na wapiga picha wenye maduka tangu karne ya 19. Mwaka 1930 Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio huko Unguja, na katika miaka ya 1950 na 1960 watu wa Mombasa walikwenda kwa N. V. Parekh wakiwa wamevaa nguo zao bora. Lakini utando wa gelatini unaoshika sanamu juu ya karatasi hulainika kwa unyevu, hunata katika kioo cha fremu, na kuvu huula. Picha nyingi za rangi za miaka ya 1970 zimegeuka nyekundu hata zile zilizofichwa gizani. Picha iliyonata haifai kubanduliwa kwa nguvu. Ni afadhali isomwe pamoja na kioo chake.

Liko jambo jingine. Baada ya Mapinduzi ya 1964 jamaa wengi wa Unguja walitawanyika, wengine wakabaki, wengine wakaenda bara, Oman au Uingereza. Arusi moja ikawa na picha mbili tatu katika nchi tatu. Zamani kuomba picha kwa jamaa kulikuwa kumwomba ajinyime. Sasa hutoa nakala bila kupoteza chochote, na wajukuu wasiopata kuonana huutazama uso mmoja.

Hata hivyo wanaosema kwamba picha iliyosomwa na skana imekwisha kuokoka wamekosea. Kwanza, nakala iliyo katika kompyuta moja hufa pamoja nayo; yafaa ziwe mbili au tatu, zikae nyumba mbalimbali. Pili, na hili ndilo kubwa, skana husoma mwanga, haisomi nasaba. Huchukua kila mkunjo wa kanga ya bibi harusi, lakini haijui alikuwa binti wa nani. Mara nyingi jina na mwaka vimeandikwa nyuma ya karatasi kwa kalamu, nao wenye haraka hulaza uso juu ya kioo na kuusahau mgongo. Karatasi ikitupwa baadaye, maandishi hayo yametupwa nayo. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Mtoto wa nukta 30,976 anajulikana hata leo kuwa ni Walden kwa sababu baba yake alimtaja. Picha nyingi zilizopigwa Unguja na Mombasa zina sura zilizo wazi kuliko yake mara elfu, na hazina wa kuzitaja ila wazee wachache. Kwa hiyo mwenye skana asianze na kioo. Aanze na wazee: akae nao, aulize, aandike majina, mahali na miaka, asome uso wa picha na mgongo wake. Mtambo utapatikana mwaka ujao pia, na yamkini kwa bei ndogo zaidi. Wanaojua majina hawangoji.