Chupa ya plastiki na afya ya mnywaji (Tanga na pwani ya kaskazini)

Hakuna chombo cha kunywea maji kilichoenea Tanga leo kama chupa ya plastiki. Huuzwa ikiwa na maji au soda, na ikishamalizwa huanza maisha ya pili: hubeba maji ya mwanafunzi wa Usagara au Chumbageni, maziwa, juisi ya miwa, asali ya Handeni, sabuni ya maji, petroli ya bodaboda na mafuta ya taa. Hofu za kiafya zinazoizunguka ni za aina tatu, na uzito wake haulingani: kemikali zinazotoka kwenye plastiki na kuingia majini, chembechembe za plastiki yenyewe, na vijidudu au sumu vinavyoingia chupa inapotumiwa tena. Barazani hofu ya kwanza ndiyo inayozungumzwa sana. Wodini ni ya tatu inayoleta wagonjwa.

Namba iliyo chini ya chupa

Ukigeuza chupa utaona pembetatu ya mishale yenye namba katikati. Chupa za maji na soda ni namba 1, plastiki iitwayo polietilini tereftalati, kwa kifupi PET. Iligunduliwa Uingereza mwaka 1941 na John Rex Whinfield na James Tennant Dickson waliokuwa wakitafuta uzi wa nguo. Chupa yake ilipata hataza Marekani mwaka 1973, kwa jina la Nathaniel Wyeth, mhandisi wa kampuni ya DuPont. Dumu la kuchotea maji kwa kawaida ni namba 2, na chupa nyingi za kunyonyeshea watoto ni namba 5. Namba 7 inakusanya plastiki zote zilizobaki, ikiwemo polikabonati, ile ngumu inayong'aa ya majagi ya lita 18.9 yanayopinduliwa juu ya mashine za kupozea maji maofisini. Mengi yanayosemwa juu ya "plastiki" kwa jumla ni kweli kwa namba moja na si kweli kwa nyingine, na hapo ndipo watu wanapochanganyikiwa.

Joto

PET hutengenezwa kwa kichocheo cha antimoni, madini ambayo yakizidi mwilini ni sumu. Kiasi kidogo cha antimoni hubaki ndani ya plastiki, na kidogo zaidi huhamia kwenye maji. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha mikrogramu 20 kwa lita moja ya maji ya kunywa; Marekani ni kali zaidi, inakomea mikrogramu 6. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona, jimbo lenye jua kali kuliko letu, walipima jambo hili na kuchapisha matokeo mwaka 2008. Katika nyuzi 22 za Selsiasi kiwango hakikubadilika kwa miezi mitatu. Katika nyuzi 60 ilichukua siku 176 kuvuka kikomo cha Marekani, katika nyuzi 65 siku 38, katika nyuzi 75 siku 4.7, na katika nyuzi 85 siku moja na robo hivi. Kila joto lilipopanda kidogo, muda ulipungua kwa kasi kubwa.

Kwa Tanga maana yake ni hii. Kaskazi ikivuma, kati ya Desemba na Machi, kivulini joto hufika nyuzi 32 au 33. Maji yaliyokaa dukani, hata bila friji, hayakaribii kabisa hatari hiyo. Katoni zilizopangwa juani mbele ya duka hupata joto zaidi, na mzigo uliofunikwa turubai au chupa zilizosahaulika ndani ya gari lililofungwa vioo huweza kupita nyuzi 60. Hata hapo ni suala la wiki na miezi. Anayenunua chupa iliyopata moto stendi ya Kange akainywa njiani kuelekea Segera hajajidhuru kwa antimoni. Mwenye duka anayeacha katoni zilezile juani msimu mzima ndiye anayepaswa kurekebishwa, na kivuli tu kinatosha kumrekebisha.

Ile ladha ya plastiki ambayo wateja huilalamikia husababishwa na kitu kingine, asetaldehaidi, kinachotoka kwenye PET na kuyapa maji utamu wa ajabu kama wa tunda lililoiva mno. Pua na ulimi huihisi mapema sana, kabla haijafika kiasi cha kudhuru. Hata hivyo ni dalili njema ya kumwambia mtu kwamba maji hayo yamekaa pabaya.

Kumimina chai au uji wa moto kwenye chupa ya maji ni habari tofauti. PET huanza kulainika ikifika nyuzi 70 na kitu. Chupa hujikunja, shingo huinama, kizibo hakikazi tena. Chombo kinachopoteza umbo mbele ya macho yako kinapoteza na vitu vingine usivyoviona. Chupa hizi zilitengenezwa kwa vinywaji baridi, na chai iendelee kukaa kwenye chupa yake ya chai.

Bisfenoli A na majagi ya ofisini

Kemikali iliyojadiliwa kuliko zote duniani ni bisfenoli A. Ilijulikana tangu mwaka 1936 kwamba huiga estrojeni, homoni ya kike, na baadaye ikawa tofali la kujengea polikabonati. Haitumiki kutengenezea PET, kwa hiyo chupa ya kawaida ya maji ya dukani haihusiki. Wanaohusika ni wanywaji wa majagi ya zamani na wazazi waliowahi kununua chupa ngumu za watoto. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard uliochapishwa mwaka 2009 uliwapa wanafunzi 77 chupa za polikabonati kwa wiki moja, na bisfenoli A katika mkojo wao ikapanda kwa theluthi mbili hivi. Umoja wa Ulaya uliiondoa kwenye chupa za watoto mwaka 2011. Mwaka 2023 Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilishusha kiwango kinachovumilika kwa siku mara 20,000, na mwisho wa mwaka 2024 Umoja huo ukapitisha marufuku ya kuitumia katika vyombo vya chakula na vinywaji. Majagi mengi yanayozunguka Afrika Mashariki hayaandikwi waziwazi yametengenezwa kwa nini. Mnunuzi ana haki ya kuuliza, na jagi lililochakaa, lenye mikwaruzo na ukungu, halifai kurudishwa kiwandani kujazwa tena.

Chembechembe

Mwaka 2018 watafiti wa Fredonia, jimbo la New York, walipima chupa 259 za maji kutoka nchi tisa na kukuta chembe za plastiki katika 93 kwa kila 100. Mwanzoni mwa mwaka 2024 Chuo Kikuu cha Columbia, kikitumia vifaa vinavyoona vitu vidogo zaidi, kilihesabu wastani wa chembe 240,000 katika lita moja, nyingi zikiwa ndogo mno kuonekana kwa darubini ya kawaida. Sehemu ya chembe hizo hutokana na kizibo kinachosuguana na shingo kila kinapofunguliwa na kufungwa. Shirika la Afya Duniani lilipopitia ushahidi mwaka 2019 halikupata msingi wa kusema zinadhuru kwa viwango vilivyopo, likaomba utafiti zaidi. Tangu hapo madaktari wa Italia wameripoti, mwaka 2024, kwamba wagonjwa waliokutwa na plastiki ndani ya utando wa mishipa ya shingo walipata kiharusi, mshtuko wa moyo au kifo mara 4.5 zaidi ya wenzao. Huo ni uhusiano. Bado haujathibitisha kwamba plastiki ndiyo sababu.

Jambo moja halihitaji kusubiri. Chuo cha Trinity cha Dublin kilionyesha mwaka 2020 kwamba chupa za watoto za namba 5 zikitikiswa na maji ya nyuzi 70 huweza kutoa mamilioni ya chembe kwa lita. Maziwa ya unga yachanganywe kwenye chombo cha chuma cha pua au kioo, yapoe, ndipo yamiminwe kwenye chupa ya mtoto.

Uvumi wa barafu, na jua la Kajiado

Kuna ujumbe wa simu unaorudi kila baada ya miaka michache ukidai kwamba maji yaliyogandishwa kwenye chupa hutoa sumu iitwayo dioksini na kuleta saratani. Si kweli. Dioksini zinahitaji klorini na moto mkali; PET haina klorini, na baridi hupunguza kasi ya kemikali kutoka kwenye plastiki. Wauza maji ya barafu hawana kosa hilo.

Pwani yetu ina sababu ya kukumbuka kinyume cha hofu hizi. Katika Kajiado, Kenya, mtafiti Ronán Conroy na wenzake waliwapa watoto wa Kimaasai chupa za plastiki, wakawaomba wazazi waziweke juu ya paa mchana kutwa kabla ya watoto kunywa. Matokeo ya watoto 206 yalichapishwa mwaka 1996: kuhara kulipungua. Kipindupindu kilipozuka baadaye, taarifa ya mwaka 2001 ilionyesha kwamba watoto wa chini ya miaka sita waliokunywa maji yaliyoanikwa waliambukizwa kwa nadra kuliko wenzao. Mionzi ya jua na joto huua vijidudu. Chupa iwe angavu, isizidi lita mbili, maji yasiwe na tope, na ikae juani saa sita, au siku mbili kukiwa na mawingu. Plastiki zilizopimwa baada ya kuanikwa hivyo zilibaki ndani ya viwango salama. Kipindupindu huua kwa saa chache. Mtu anayeacha maji safi ya chupa kwa hofu ya plastiki, akanywa ya kisima kisichofunikwa, amebadilisha hatari ndogo kwa kubwa.

Maji ya bomba ya Tanga hutoka Mto Zigi, kwenye misitu ya Amani, hukusanywa bwawa la Mabayani na kusafishwa na Tanga UWASA. Mamlaka hiyo ilizindua mwaka 2024 hatifungani ya kijani ya shilingi bilioni 53.12 ili kupanua mtandao wake. Kwa familia iliyounganishwa bomba, maji hayo yakichemshwa na kupozwa kwenye mtungi wa udongo huondoa karibu maswali yote ya makala hii, na kwa bei isiyofanana na ya katoni.

Maisha ya pili ya chupa

Maji yanayofungwa viwandani husimamiwa na Shirika la Viwango Tanzania, TBS. Mwaka 2021 Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC, lilipiga marufuku ile plastiki nyembamba iliyokuwa ikivalishwa juu ya kizibo, kwa sababu ya taka. Tangu hapo ulinzi wa mnunuzi ni pete ya kizibo: ikifunguka bila kukatika, chupa hiyo imeshafunguliwa na huenda imejazwa upya.

Nyumbani, chupa inayojazwa kila siku bila kuoshwa hujenga utelezi wa bakteria shingoni na kwenye mikwaruzo. Ioshwe kwa sabuni, ikaushwe ikiwa wazi, na ikianza kunuka itupwe. Kuichoma uani pamoja na taka, au kuwashia nayo jiko la mkaa, humvutisha mpishi moshi mbaya kuliko chochote ambacho angekunywa.

Hatari kubwa kuliko zote ni mafuta ya taa. Yanauzwa kwa kupimwa, mnunuzi huja na chupa ya maji, nayo rangi yake hufanana na maji au soda. Mtoto wa miaka miwili anaijua chupa hiyo kama ya kinywaji, amefundishwa hivyo na kila mtu nyumbani. Hupiga funda moja, hupaliwa, na mafuta huingia mapafuni. Vivyo hivyo dawa ya kupulizia, magadi makali ya kutengenezea sabuni na maji ya betri. Haya mawili ya mwisho huunguza koo. Vitu hivi vikae kwenye vyombo vyake vya asili, juu, penye kufuli.

Mtoto aliyekunywa mafuta ya taa asitapishwe, kwa kuwa akitapika yataingia mapafuni mara ya pili. Asipewe maziwa wala mafuta ya kula, ingawa wengi hukimbilia hivyo kwa nia njema. Nguo zilizolowa zivuliwe na ngozi ioshwe kwa sabuni. Apelekwe haraka kituo cha afya kilicho karibu au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Bombo, hata kama anacheza, kwa sababu kukohoa na kupumua kwa kasi huweza kuanza saa kadhaa baadaye. Chupa aliyonywea ichukuliwe pia, ili daktari aone na kunusa kilichokuwemo.