Dawa Iliyofungiwa Kabatini

Mwaka 2002 shangazi yangu alilazwa wodini na saratani ya mlango wa kizazi. Usiku alilia mpaka wagonjwa wenzake wakaziba masikio. Muuguzi wa zamu, mama mtu mzima, aliniambia: "Mwanangu, dawa ipo, lakini imefungiwa na daktari hayupo. Tena wengine wanasema itamuua mapema." Shangazi alikwisha kuambiwa kwamba haponi. Tuliogopa nini basi?

Hofu hiyo ina historia. Dawa yenyewe ni mofini, inayotokana na kasumba, na sheria ziliiweka kundi moja na dawa za kulevya. Mwaka 1957 madaktari wa nusukaputi walimwuliza Papa Pio wa 12 swali lile lile la wodini kwetu. Akajibu kwamba kutuliza maumivu kunaruhusiwa hata kama maisha yatafupika, maadam nia si kuua. Mwaka 1967 Cicely Saunders, aliyekuwa muuguzi kabla ya kuwa daktari, akafungua St Christopher's mjini London. Huko mofini ilitolewa kwa saa maalumu, kabla maumivu hayajarudi. Wagonjwa walipata usingizi, wakala, wakaagana na jamaa zao.

Kwetu Afrika Mashariki, Nairobi Hospice ilianza mwaka 1990. Mwaka 1993 Daktari Anne Merriman akaanzisha huduma kama hiyo Kampala, katika nyumba ndogo ya Hospitali ya Nsambya. Mofini yake ilikuwa ya unga: unachanganywa na maji, unatiwa rangi ili kali isidhaniwe kuwa hafifu, mgonjwa anakunywa akiwa nyumbani kwake. Bei yake ndogo. Lakini urahisi huo unafaa nini ikiwa mwenye ruhusa ya kuiandika ni daktari peke yake, na daktari yuko mbali? Mwaka 2004 Uganda ikabadili kanuni, wauguzi na matabibu waliosomea kazi hiyo wakaruhusiwa kuandika mofini.

Wapo watakaosema maumivu ni mtihani wa Mungu. Sibishani nao. Nasema tu kwamba aliyeshika ufunguo wa kabati lile hakuwa Mungu.

Yule mama muuguzi, angekuwa Kampala miaka miwili baadaye na amesomea kazi hiyo, angeiandika dawa kwa mkono wake. Usiku ule alivuta kiti, akamshika shangazi mkono mpaka alfajiri.