Kijana mwenye ADHD aweza kupata krediti za chuo mapema

KIJANA anayesahau vitabu kila siku na kuanza kazi tatu bila kukamilisha hata moja, aghalabu huwa wa mwisho kufikiriwa panapotajwa masomo ya chuo. Hata hivyo, nchini Marekani, ambako familia nyingi za Wakenya zinalea watoto, mwanafunzi kama huyo anaweza kuanza masomo hayo akiwa bado shule ya upili, mradi achaguliwe njia inayomfaa.

ADHD ni hali ya ukuaji wa ubongo inayomtatiza mtu kudhibiti umakini, kutulia na kupanga muda wake. Si uvivu wala upungufu wa akili. Anayeishi nayo anaweza kuzama kwa saa nyingi katika jambo linalomvutia, kisha akashindwa kuanza insha ambayo anajua fika namna ya kuiandika.

Vyuo vya Marekani hupima masomo kwa krediti. Kozi ya muhula mmoja kwa kawaida huwa na krediti tatu, na shahada ya kwanza huhitaji takriban 120. Krediti za mapema hupunguza karo. Isitoshe, humwezesha mwanafunzi kubeba mzigo mwepesi zaidi atakapojiunga na chuo, na kwa mwenye ADHD huenda faida hii ikawa kubwa kuliko ile ya karo.

Njia tatu

Ya kwanza ni kozi za Advanced Placement, au AP, zinazosimamiwa na College Board. Mwanafunzi husoma shuleni kwake, kisha hufanya mtihani mwezi Mei na kupewa alama kati ya 1 na 5. Vyuo vingi hutoa krediti kwa alama 3 na zaidi, ingawa vingine hudai 4 au 5. Njia hii humfaa anayehitaji mwalimu wa kumfuatilia kila siku. Ugumu wake ni kwamba krediti hutegemea mtihani mmoja mrefu.

Ya pili ni mitihani ya CLEP, ambayo pia ni ya College Board. Mingi ni ya maswali ya kuchagua majibu na huchukua dakika 90 hivi. Haina kazi za ziada wala mahudhurio, hivyo humfaa kijana anayeweza kujitosa katika somo moja kwa wiki chache. Si kila chuo huitambua, kwa hivyo ni busara kuuliza kabla ya kulipa.

Ya tatu ni kusomea chuoni kwenyewe. Jimbo la Minnesota, lenye Wakenya wengi, lilianzisha mpango wa PSEO mwaka 1985, na serikali ndiyo hugharamia karo na vitabu. Tatizo ni kuwa gredi ya PSEO huingia katika rekodi ya kudumu ya chuo. Anayeanguka leo huenda akaulizwa kuhusu gredi hiyo atakapoomba nafasi au msaada wa karo baadaye.

Haki hubadilika

Hapa ndipo wazazi wengi hujikwaa. Katika shule ya upili, mwanafunzi mwenye ADHD anaweza kuwa na mpango wa elimu maalumu, IEP, au mpango unaotokana na Kifungu cha 504 cha sheria ya mwaka 1973, na shule ndiyo huutekeleza. Chuoni, IEP haitumiki. Kijana mwenyewe hulazimika kwenda katika ofisi ya wanafunzi wenye ulemavu, kuwasilisha stakabadhi na kuomba msaada, kama vile muda wa ziada au chumba tulivu cha mtihani. Mhadhiri pia hutarajia kuzungumza na mwanafunzi, si mzazi.

Kwa mitihani ya AP, maombi ya muda wa ziada hupelekwa College Board, kwa kawaida kupitia shule, na uamuzi unaweza kuchukua hadi wiki saba. Kwa CLEP, maombi hupelekwa katika kituo cha mtihani.

Kuanza kidogo

Kwa sababu hizo, inafaa kijana aanze na kozi moja tu, katika somo analolipenda, na kwa saa ambazo huwa makini zaidi. Kozi za mtandaoni zisizo na ratiba maalumu zingoje, kwani hudai nidhamu ile ile inayomtatiza. Tarehe zote ziandikwe siku ya kwanza, ikiwemo ya mwisho ya kujiondoa katika kozi, na kila insha igawanywe katika hatua ndogo zenye siku zake.

Mzazi naye anaweza kuketi naye mara moja kwa wiki kupitia ratiba, lakini barua kwa mhadhiri aiandike kijana mwenyewe. Krediti tatu alizozipata huku akijifunza kuomba msaada zitamfaa kuliko kumi na mbili alizosukumiwa.