MTOTO HUANGALIA KAMA BADO UPO

Leo nakurudisha mwaka 1954, kwa sababu mwaka huo yalitokea mambo mawili yanayotuhusu sisi tunaolea watoto ambao hatukuwazaa.

La kwanza lilitokea hapa kwetu. Wakati wa Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni ilianza kuwatoa watu wa Nyeri na sehemu nyingine za Mlima Kenya mashambani mwao na kuwaweka katika vijiji vya kulindwa. Kabla ya mwaka 1955 kuisha, zaidi ya watu milioni moja walikuwa wamehamishwa. Baba yuko kizuizini au msituni. Mama anatolewa asubuhi kwenda kuchimba mtaro kwa lazima. Mtoto anabaki na shosho, au na dada ambaye mwenyewe ni mtoto. Kama bado una shosho wa wakati huo, muulize kwa upole. Wengi hawajawahi kuulizwa.

La pili lilitokea Uganda. Mary Ainsworth, mwanasaikolojia aliyefanya kazi London na daktari John Bowlby, alifika Kampala akaanza kutembelea familia 26 za Waganda vijijini. Kila baada ya wiki mbili anaketi nao kama saa mbili, anatazama. Mtoto anatambaa kutoka kwa mama, anachunguza chumba, anageuka kuangalia kama mama bado yupo, anarudi, anaenda tena. Watoto waliotulia zaidi walikuwa wa akina mama ambao ukiwauliza habari za mtoto, wanakueleza mpaka vitu vidogo. Kitabu chake kilitoka 1967. Tunaambiwa elimu hii ni ya Wazungu. Sawa, aliyeandika ni Mzungu. Walioonyesha ni akina mama wa Buganda!

Baadaye, huko Spokane, Marekani, wataalamu waliifanya elimu hiyo kuwa mafunzo ya vikundi. Walezi wachache walikutana kwa wiki 20, wakitazama pamoja video zao wenyewe na watoto wao. Walijifunza kumsoma mtoto: sasa anataka kwenda, sasa anataka kurudi.

Kwa nini nakuambia haya? Tangu Novemba 2017 serikali ilisimamisha kusajili makao mapya ya watoto, na Sheria ya Watoto ya 2022 inatanguliza malezi ya familia. Watoto hao watarudi Karatina, Othaya, Nanyuki. Watarudi kwa shosho, kwa mjomba, kwako.

Sisi huenda makao na unga na sukari, mtoto anatukimbilia na kutukumbatia, tunapiga picha, tunasema ana upendo. Lakini mtoto aliyelelewa kwa zamu na watu wengi anaweza kumkumbatia mgeni yeyote kwa sababu hana mtu wake. Akifika nyumbani kwako anaweza kuficha chakula, au kukusukuma ukimshika. Mlezi aliye peke yake huona huyu hana shukrani, amrudishe. Akiketi na wenzake, anasikia wa jirani pia anaficha chapati chini ya mto.

Soma Esta 2. Mordekai alimlea Esta, na hata alipochukuliwa ikulu, kila siku alipita karibu na ua kujua hali yake.

Jumatano baada ya maombi, walezi wote tuketi pamoja, akina baba pia. Usije na hotuba. Njoo na kitu kimoja kidogo unachojua kuhusu mtoto wako: anaogopa nini usiku, anakuita vipi akiumia.