Walter Plowright na Mwisho wa Sotoka

Walter Plowright, daktari wa mifugo ambaye chanjo yake ndiyo iliyoing'oa sotoka duniani, alizaliwa mwaka 1923 huko Holbeach, Uingereza. Alihitimu udaktari wa wanyama London mwaka 1944 akaingia jeshini, na jeshi ndilo lililomfikisha Kenya kwa mara ya kwanza. Baada ya vita alirudi Afrika akiwa mtumishi wa idara ya mifugo ya serikali ya kikoloni, akafanya kazi Kenya na Nigeria. Mwaka 1956 alikabidhiwa sehemu ya patholojia katika kituo cha utafiti cha Muguga, nje kidogo ya Nairobi, kilichomilikiwa kwa pamoja na Kenya, Uganda na Tanganyika. Akakaa hapo miaka 15.

Wafugaji hawakuhitaji kuelezwa sotoka ni nini. Ng'ombe hupandwa na homa, macho yakatoka machozi na pua kamasi. Ufizi ukafanya vidonda, udenda ukamtiririka, kisha akaanza kuhara hadi akashindwa kusimama. Siku chache baadaye zizi zima liko chini. Ugonjwa huo uliingia pembe ya Afrika mwishoni mwa miaka ya 1880, na haikupita miaka 10 ukawa umefika kusini mwa bara. Wamaasai, ambao karibu mifugo yao yote iliteketea, wanaziita zama hizo Emutai, yaani maangamizi, kwa kuwa njaa na ndui vilifuata nyuma ya sotoka.

Chanjo zilikuwapo kabla ya Plowright. Iliyotumika zaidi ilitokana na kirusi kilichopunguzwa makali kwa kupitishwa katika miili ya mbuzi. Ilikinga, lakini baadhi ya ng'ombe waliumwa vibaya baada ya kuchomwa sindano na wengine wakafa, na mfugaji aliyeuliwa ng'ombe na chanjo hawezi kulaumiwa akificha waliobaki.

Plowright na mwenzake R. D. Ferris walimwacha mbuzi, wakaanza kukuza kirusi ndani ya chupa. Figo ya ndama ilikatwakatwa vipande vidogo, chembe zake zikatenganishwa na kulishwa maji yenye virutubisho mpaka zikatanda kama utando mwembamba kwenye kioo. Hapo ndipo kilipotiwa kirusi kilichopatikana Kabete mwanzoni mwa karne ya 20. Baada ya siku kadhaa chembe zilishikamana, zikaharibika. Maji yake yakachotwa na kutiwa katika chupa mpya, na kazi ikaanza upya. Walirudia hivyo zaidi ya mara 90. Ni kazi ya kuchosha, isiyo na siku hata moja ya kushangilia, lakini mwisho wake kirusi kilikuwa kimesahau kuua na bado kiliufundisha mwili wa ng'ombe kujikinga. Matokeo yalichapishwa mwaka 1962. Chanjo hiyo haikudhuru ng'ombe wa aina yoyote, ilikuwa rahisi kutengeneza, na kinga yake ilidumu maisha yote ya mnyama. Kasoro yake ilikuwa moja: ilitaka baridi, na barafu ni adimu nyikani.

Kampeni kubwa ya kuchanja ilianza Afrika mwaka huohuo wa 1962, ikaendelea hadi 1976. Faida moja ilitokea mahali ambapo wengi hawakuitazamia. Kwa miaka mingi wanyamapori walidhaniwa ndio ghala la sotoka, lakini ng'ombe wa pembezoni mwa Serengeti walipochanjwa, ugonjwa uliwatoka nyumbu pia. Idadi yao ilipanda kutoka takriban 250,000 mwanzoni mwa miaka ya 1960 hadi zaidi ya milioni 1 kufikia mwishoni mwa miaka ya 1970. Kumbe ng'ombe ndiye aliyekuwa akimwambukiza nyumbu.

Katika ugonjwa mwingine mambo yalikuwa kinyume. Wamaasai walijua zamani kwamba ng'ombe wakilishwa karibu na nyumbu waliozaa hupata homa kali na kufa, ndiyo maana waliyahama malisho bora msimu wa kuzaa unapofika. Mwaka 1960 Plowright na wenzake walikipata kirusi chenyewe ndani ya nyumbu, na maneno ya Wamaasai yakathibitishwa. Alikuwa pia miongoni mwa waliogundua kwamba homa ya nguruwe ya Afrika hujificha ndani ya papasi wanaoishi kwenye mashimo ya ngiri.

Alirudi Uingereza mwaka 1971 kuwa profesa London, kisha akaongoza idara ya mikrobiolojia katika taasisi ya utafiti ya Compton hadi 1983. Huku Afrika uchanjaji ulikuwa umelegea, sotoka ikarudi mwanzoni mwa miaka ya 1980, na ikabidi kampeni mpya ianzishwe. Baadaye ilisaidiwa na chanjo ileile iliyoboreshwa iweze kuhimili joto. Plowright alipewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 1999. Maambukizi ya mwisho yaliyothibitishwa yalionekana mwaka 2001 kwa nyati wa Meru, Kenya. Plowright alifariki Februari 2010, na Juni 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) likatangaza kwamba sotoka imekwisha, ugonjwa wa pili kutokomezwa baada ya ndui. Ng'ombe hawachanjwi tena dhidi ya sotoka. Akiba ya chanjo imehifadhiwa katika maabara chache zilizoidhinishwa, mojawapo ikiwa ya Umoja wa Afrika huko Debre Zeit, Ethiopia.