Maumivu ya Kiuno na Meniski ya Goti katika Ukanda wa Kahama na Geita

Maumivu ya kiuno na kuharibika kwa meniski ya goti ni maradhi ya viungo yanayowaandama zaidi watu ambao kazi yao ni kubeba, kuinama na kuchuchumaa. Kagongwa, mji mdogo ulio ndani ya Manispaa ya Kahama mkoani Shinyanga, kando ya barabara kuu itokayo Isaka, huishi kwa kazi za aina hiyo. Mji huo unajulikana kwa mashine za kukoboa mpunga na maghala ya mchele. Mpunga hupandikizwa na kupaliliwa kwenye majaruba kwa mgongo uliopinda, hujazwa kwenye magunia, na makuli huyapandisha magunia hayo kwenye malori kwa mabega na vichwa. Kaskazini mwake, kuanzia Mwime hadi Nyarugusu, Rwamgasa na Mgusu mkoani Geita, wachimbaji wadogo hushuka kwenye maduara, yaani mashimo ya machimbo, hugonga mwamba wakiwa wamepiga magoti, kisha hutoa mawe kwa viroba.

Uzito wenyewe ndio mwanzo wa habari. Kanuni za vipimo nchini Tanzania zinataka gunia la mazao lisizidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo umeendesha kampeni za miaka mingi dhidi ya lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kiasi na kushonewa kofia juu. Kikomo hicho kiliwekwa ili mkulima asipunjwe, na hilo ni jambo la haki. Lakini hakikupimwa kwa mgongo wa anayelibeba gunia. Mwaka 1967 Shirika la Kazi Duniani, katika Pendekezo lake namba 128, lilitaja kilo 55 kuwa upeo wa mzigo wa kubebwa na mwanamume mtu mzima. Taasisi ya usalama kazini ya Marekani, katika hesabu yake ya kunyanyua mizigo, huanzia kilo 23 katika mazingira bora kabisa, na hupunguza kadiri mtu anavyopinda, anavyojinyonga au anavyorudia tendo lilelile. Gunia halali la Kagongwa, basi, linazidi mara nne kipimo hicho, hata kabla ya lumbesa.

Kiuno hubebwa na pingili tano za chini za uti wa mgongo. Kati ya pingili na pingili kuna diski, yenye ute mzito katikati na nyuzi ngumu zilizouzunguka kwa matabaka. Katika miaka ya 1960, Alf Nachemson wa Göteborg nchini Sweden alichoma sindano yenye kipima shinikizo ndani ya diski za watu walio hai na kuonyesha kwamba shinikizo hupanda mtu anapoinama mbele, na hupanda zaidi anapoinama akiwa ameshika mzigo. Nyuzi zikipasuka, ute unaweza kutokeza nyuma na kugusa mzizi wa neva. Hapo maumivu hushuka kwenye tako na mguu hadi unyayoni. Jambo hilo lilielezwa kwa uwazi na William Mixter na Joseph Barr wa Boston mwaka 1934, na makala yao yakafungua milango ya upasuaji wa diski duniani kote.

Yakafungua pia imani kwamba kila kiuno kinachouma kina diski iliyotoka. Sivyo. Kwa takribani wagonjwa tisa kati ya kumi, maumivu hayawezi kuhusishwa kwa uhakika na jeraha moja la mfupa, diski au neva. Picha nazo hupotosha. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2015, uliokusanya vipimo vya watu wasio na maumivu yoyote, ulikuta diski zilizochakaa kwa asilimia 37 ya watu wa miaka 20 na asilimia 96 ya wale wa miaka 80. Kwa mkazi wa Kagongwa hili si jambo dogo: familia inaweza kuuza ng'ombe ili kugharimia kipimo cha MRI katika mji mkubwa, kisha ikaletewa jina la ugonjwa ambalo halina uhusiano wowote na maumivu yenyewe.

Ukubwa wa tatizo barani Afrika ulipuuzwa kwa muda mrefu, kwa dhana kwamba maumivu ya kiuno ni ya watu wanaokaa maofisini. Mwaka 2007 Quinette Louw na wenzake wa Afrika Kusini walichambua tafiti 27 za bara hili, wakakuta kwamba kwa wastani asilimia 62 ya watu wazima walikuwa wamewahi kuumwa kiuno maishani, na asilimia 50 waliumwa katika mwaka uliotangulia. Viwango hivyo havikuwa chini ya vile vya nchi tajiri. Kwa dunia nzima, makadirio ya mwaka 2020 yalitaja watu milioni 619 wenye maumivu ya kiuno, na hakuna hali nyingine inayowaweka watu wengi zaidi katika ulemavu.

Katika Kanda ya Ziwa, hata hivyo, anayemchunguza mgonjwa hana budi kuwa macho, kwa sababu magonjwa yanayojificha nyuma ya kiuno kinachouma ni mengi kuliko yanayotajwa katika vitabu vya Ulaya. La kwanza ni kifua kikuu cha mifupa ya mgongo, kilichoelezwa na Percivall Pott wa London mwaka 1779. Vumbi la mwamba hudhoofisha mapafu ya mchimbaji, na mapafu yaliyodhoofika hukaribisha kifua kikuu, ambacho kinaweza kusafiri kwa damu hadi kwenye pingili. Mgonjwa hupungua uzito, hutoka jasho usiku, na mgongo huanza kutokeza kinundu. Brusela, inayopatikana kwa maziwa mabichi na kwa kuwahudumia ng'ombe na mbuzi wanaozaa, hushambulia kiuno na nyonga, na Usukuma ni nchi ya mifugo. Ugonjwa wa selimundu nao una mizizi mirefu hapa. Uchunguzi wa damu ya watoto wachanga kaskazini magharibi mwa Tanzania ulionyesha kwamba takribani mtoto mmoja kati ya watano hubeba kinasaba chake, na wale wanaougua hupata maumivu makali ya mgongo na kuoza kwa kichwa cha mfupa wa paja. Duara likititia, uti wa mgongo unaweza kuvunjika. Majeruhi wa namna hiyo hupelekwa Bugando mjini Mwanza, hospitali ya rufaa iliyofunguliwa mwaka 1971, au Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1996, ambako madaktari wa Tanzania wameshirikiana na wenzao wa chuo cha Weill Cornell cha New York katika tafiti za majeraha ya uti wa mgongo. Mtu yeyote ambaye kiuno kinamuuma na ghafla hawezi kuzuia mkojo au choo, au amekufa ganzi sehemu za siri na mapajani, anahitaji kufika kwa daktari wa upasuaji siku hiyohiyo.

Maumivu ya kawaida, yasiyo na dalili hizo, mara nyingi hupungua sana ndani ya wiki sita. Kulala kitandani, dawa iliyoagizwa kwa vizazi kadhaa, huchelewesha nafuu: misuli hulegea na hofu huongezeka. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Desemba 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno unaweka mbele elimu kwa mgonjwa, mazoezi yaliyopangwa, baadhi ya tiba za mikono na msaada wa kisaikolojia. Dawa za kutuliza uvimbe, kama diklofenaki na aibuprofeni, zinaruhusiwa kwa uangalifu. Mikanda ya kiuno, kuvutwa kwa mashine na dawa za jamii ya afyuni hazipendekezwi kuwa tiba ya kawaida. Ushauri huo unafaa sana kwa kituo cha afya kisicho na mashine kubwa. Pengo lililopo ni la watu: wataalamu wa fiziotherapia wamejaa zaidi mijini, na pasipo mtu wa kumfundisha kuli mazoezi ya tumbo, mgongo na nyonga, kinachobaki ni sindano ya diklofenaki ya dukani. Sindano hiyo hutuliza kwa siku moja au mbili, mtu hurudi kwenye gunia, na ikirudiwa miezi na miaka huharibu figo na kuchimba vidonda tumboni. Chale na kuumikwa, ambavyo wengi hupitia kwanza, haviponyi diski, na wembe wa kushirikiana huleta hatari ya virusi vya Ukimwi na homa ya ini. Upasuaji una nafasi yake kwa neva inayobanwa huku mguu ukipoteza nguvu, au maumivu ya mguu yanayokataa kupoa baada ya wiki nyingi za tiba. Kwa kiuno kinachouma peke yake, faida yake ni ndogo.

Goti lina kisa tofauti, na historia yake ina funzo chungu. Kila goti lina meniski mbili, vipande vya gegedu gumu lenye nyuzi, vyenye umbo la mwezi mwandamo, vilivyokaa kati ya mfupa wa paja na wa muundi. Goti likiwa limenyooka, meniski hupokea karibu nusu ya uzito unaopita hapo. Likikunjwa nyuzi 90, hupokea takribani asilimia 85. Anayechimba akiwa amechuchumaa huziweka kazini kutwa nzima. Damu hufika ukingo wa nje tu, ndiyo maana mpasuko wa nje unaweza kuunga na wa ndani hauungi.

Mwaka 1883 Thomas Annandale wa Edinburgh alishona meniski iliyochanika na mgonjwa wake akarudi kazini. Mfano huo haukufuatwa. Mwaka 1897 John Bland-Sutton aliiita meniski mabaki ya msuli yasiyo na kazi, na kwa miongo mingi madaktari waliikata na kuitupa. Mwaka 1948 Thomas Fairbank alichapisha picha za eksirei za magoti yaliyoondolewa meniski: nafasi ya kiungo imepungua, mfupa umebapa, vijiba vimeota pembeni. Goti lilikuwa likizeeka kabla ya mwenyewe. Miaka hiyohiyo ya katikati ya karne, Jonas Kellgren na John Lawrence waliwapiga picha wachimba makaa ya mawe wa Uingereza na kukuta magoti na diski za viuno zilizochakaa kuliko za wafanyakazi wengine. Ilichukua hadi mwaka 2009 kwa Uingereza kuingiza uchakavu wa goti la mchimba makaa katika orodha ya magonjwa ya kazi yanayolipiwa fidia.

Leo mipasuko hugawanywa mara mbili. Kijana anayejinyonga goti uwanjani au anayeteleza akiwa na mzigo hupata mpasuko wa ghafla, pengine goti likajifunga lisinyooke. Huyo hufaidika na upasuaji wa matundu madogo, na ikiwezekana meniski hushonwa badala ya kukatwa. Mpasuko wa uchakavu, unaokuja polepole baada ya miaka 40, ni jambo jingine. Mwaka 2013 watafiti wa Finland waliwagawa wagonjwa 146 kwa bahati nasibu: wengine walikatwa sehemu ya meniski, wengine walichanjwa ngozi tu na kuigiziwa upasuaji. Baada ya mwaka mmoja hapakuwa na tofauti. Kwa magoti ya aina hii, kuimarisha misuli ya mbele ya paja kwa wiki 12 ndiyo tiba ya kwanza, na inaweza kufanyika Kagongwa kwa kiti na ukuta.

Kupandikiza meniski ni tiba ya wachache. Tiba hiyo ilianza mjini Munich mwaka 1984, kwa kundi la akina Milachowski na Wirth. Meniski hutolewa kwa marehemu aliyechangia, hupimwa maambukizi, hugandishwa katika nyuzi 80 chini ya sifuri, hulinganishwa kwa eksirei na goti la mpokeaji, kisha huingizwa na kushonwa, mara nyingi ikiwa na vipande vidogo vya mfupa kwenye ncha zake. Anayefaa ni mtu ambaye kwa kawaida hajafika miaka 50, aliyepoteza meniski yote au karibu yote, ana maumivu upande huo, mguu wake haujapinda, kano zake ni imara na gegedu la mfupa bado lipo. Uchambuzi wa tafiti za muda mrefu uliotolewa mwaka 2019 ulikuta kwamba takribani asilimia 73 ya meniski zilizopandikizwa zilikuwa bado zinafanya kazi baada ya miaka 10, na 60 baada ya miaka 15. Maumivu hupungua. Kwamba upandikizaji huzuia uchakavu wa goti, hilo halijathibitishwa.

Huduma hiyo inahitaji benki ya tishu, na benki ya tishu inahitaji sheria, umeme usiokatika na jamii iliyokubali kuchangia baada ya kifo. Upandikizaji wa figo ulioanza Muhimbili mwaka 2017 umetegemea ndugu walio hai, na hakuna ndugu anayeweza kutoa meniski yake bila kujiharibia goti. Hata pale inapopatikana, mpokeaji hutembea na magongo kwa wiki kadhaa, na hushauriwa kuepuka kuchuchumaa sana na mizigo mizito. Kuli wa mchele au mchimbaji atakuwa amepewa goti lisiloruhusu kazi yake. Kwa hiyo katika ukanda huu thamani kubwa iko katika kuishona meniski mapema, wakati bado ipo ya kushonwa. Goti lililokwisha kabisa hubadilishwa kwa la bandia, na MOI hufanya kazi hiyo.

Kinga inajulikana zaidi kuliko inavyotekelezwa. Gunia la kilo 50 hubebwa na mtu mmoja kwa usalama zaidi kuliko la 100, ingawa nalo linakaribia kikomo cha mwaka 1967. Toroli na mkanda wa kupakilia humwondolea kuli ngazi ya lori. Winchi mdomoni mwa duara humwondolea mchimbaji kiroba mgongoni, na pedi za magoti ni bei ndogo kwa mwenye duara. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri kulinda mwili wa mfanyakazi, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, uliotokana na sheria ya mwaka 2008, hulipa anayeumia au kuugua kwa kazi, kwa michango ya mwajiri. Anayelipwa kwa gunia, leo kwa tajiri huyu na kesho kwa yule, au anayelipwa kwa mgawo wa mawe, mara nyingi hana mwajiri anayemchangia.