SINKI BILA MAJI NI PAMBO: historia fupi ya mahali tunaponawia (Sehemu ya 3)



Leo naanza na aibu yangu. Mwaka 2015, Sinza ikiwa bado ndani ya Manispaa ya Kinondoni, nilipanga nyumba yenye sinki jeupe la kauri, linang'aa. Bomba lake lilitoa maji siku mbili kwa wiki, tukibahatika. Basi ndani ya sinki tukaweka beseni la maji. Anayetoka chooni anachovya, anayetaka kula anachovya, mle mle. Na mimi ni nesi!

Agosti kipindupindu kikaingia Dar. Mwanangu wa mwaka na nusu akaanza kuharisha. Hakikuwa kipindupindu, ila macho yaliingia ndani, analia machozi hayatoki. Tulimwahisha hospitali, ORS na zinki vikamrudisha. Siwezi kuapa kuwa ni lile beseni. Lakini nililiondoa siku hiyo hiyo.

Sasa sikia, mama. Wazee wetu wa pwani walilijua hili kabla ya sinki la dukani.

Nenda Lamu, kwenye nyumba za mawe za karne ya 18. Chooni utakuta birika lililojengwa kwa mawe ya matumbawe na kupigwa lipu ya chokaa, na chokaa yenyewe ilichomwa kutokana na matumbawe. Chini ya birika walipachika bakuli la kauri kutoka China, na majini waliweka visamaki vya kula viluwiluwi vya mbu. Maji yakipungua, visamaki vinabaki hai kwenye bakuli. Na mkono hauingii birikani: unateka kwa kata ya kifuu cha nazi, unajimiminia.

Mezani ni vile vile. Mtoto anapita na birika la mkononi na beseni, anamnawisha mgeni. Mgeni hachovyi, anamiminiwa. Wengi tulidhani ni adabu tu. Ni adabu, na ni kinga pia: uchafu unaondoka na maji, haumsubiri anayefuata.

Sisemi ukavunje matumbawe leo, bahari yetu imechoka. Chukua ile akili yao.

Sinza yetu ilipimwa miaka ya 1970, kwenye mradi wa viwanja uliosaidiwa na mkopo wa Benki ya Dunia. Watu walipewa viwanja, wakajenga wenyewe. Mliokulia nyumba za kupanga mnakumbuka: bomba moja uani, foleni ya ndoo, na kopo. Lile kopo ndilo kata ya bibi, tumelibadilisha sura tu.

Kisha kikaja kibuyu chirizi. Wazo lilianzia Zimbabwe, kwa kibuyu halisi kilichotobolewa na kuning'inizwa. Hapa kwetu tunatumia dumu. Mwaka 2020, wakati wa korona, mafundi wetu wa kuchomelea wakatengeneza vinawio vya kukanyaga kwa mguu. Hofu ilipopungua, ndoo nyingi za koki zikarudi kuhifadhia unga. Hapo ndipo tulipokosea.

Kama bomba lako ni kavu, fanya hivi:

1. Chukua dumu la lita 5. Litoboe kwa msumari wa moto karibu na mdomo, kwa mbele.
2. Lining'inize kwenye mti mlalo. Funga kamba shingoni, ishuke hadi kwenye kijiti cha kukanyaga. Ukikanyaga, dumu linainama, maji yanachirizika.
3. Toboa sabuni, ining'inize pembeni.
4. Chini weka changarawe, pasituame maji.

Liweke karibu na choo, na kamba iwe ya kimo ambacho mtoto wako anakanyaga mwenyewe. Wangu alilipenda kuliko sinki, alikuwa ananawa hata mikono ikiwa misafi!

Sinki zuri likija, karibu. Ila usimwache mtoto achovye akisubiri maji ya bomba.

Kesho sehemu ya 4: maji ya kunywa, mtungi na ndoo.

Nesi wenu, Sinza.